Nilivyokula Uzito wa Stendi Zangu

Waliokuwa nami wiki iliyopita waliniacha katikati ya harusi ya watu, nimeshika nusu ya stendi mkononi, na taa yangu imelala juu ya nguruwe wa kuchoma. Baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nguruwe alipona. Ahsanteni kwa kujali. Aliyekuwa mahututi pale ni mimi.

Kwa anayeanza leo: naitwa Perlita. Nakodisha taa za jukwaani hapa Tabing-Sapa na vijiji vya jirani. Kwenye harusi ile nilitundika taa juu ya stendi za spika, zile za miguu mitatu myembamba, kwa sababu zilikuwa nyepesi kubeba na nilijiona mjanja. Mjomba wa bwana harusi akawasha feni. Yaliyofuata mnayajua.

Tangu siku hiyo jina langu limerefushwa. Hata padri alipokutana nami mlangoni mwa kanisa alisema, "Karibu, Perlita wa Nguruwe," kisha akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa na mafua ndani yake.

Basi yule nguruwe alikuwa utangulizi tu.

*

Mwezi wa tano ni sikukuu ya mtakatifu wetu. Mfadhili wa mwaka huu alikuwa Bi Consorcia, mwenye kinu cha mpunga. Mtu wake wa taa kutoka mjini alivunjika kifundo cha mguu siku nne kabla, na mama yangu akazipata habari hizo kabla daktari hajamaliza kufunga bandeji.

Akanikokota mpaka kwa Bi Consorcia. Mimi nikabaki nyuma ya mlango, nikisikiliza nikiuzwa.

"Femia," alisema Bi Consorcia, "mwanao aliangusha taa juu ya nguruwe."

"Nguruwe mmoja tu."

"Safari hii chini kutakuwa na watu."

"Nitakuwa mimi chini. Si nagombea Umalkia wa Wazee? Basi taa za mwanangu zikianguka, ziniangukie mimi. Andika."

Bi Consorcia hakuandika. Lakini mle ndani walikuwemo wanawake saba wakichambua vitunguu saumu, na hapa kwetu jambo likishasikiwa na wanawake saba halihitaji karatasi.

Huo Umalkia msiucheke. Kila sikukuu, wanawake waliovuka miaka sitini huvaa magauni, hutembea jukwaani, na mmoja wao huvishwa taji. Mama ana miaka sitini na saba. Amegombea mara nne. Mara nne amekuwa wa pili. Mwaka huu alifanya mazoezi ya kupunga mkono mbele ya kioo kwa wiki tatu: kiwiko amekibana ubavuni, kiganja peke yake kinazunguka, kama mtu anayefungua balbu.

"Mama, utapata kibiongo cha mkono."

"Malkia hapungi kama anafukuza nzi," alinijibu.

Kwa hiyo kazi nilipata. Kilichobaki ni kupata stendi zisizoua mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mama.

*

Nikaenda kwa Mjomba Anselmo, kaka yake mama. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na ujanani alizunguka nchi nzima na kundi la maigizo, akiwajengea jukwaa asubuhi na kulibomoa usiku. Banda lake limejaa vyuma vya kundi lile, ambalo siku hizi limebaki katika hadithi zake tu.

"Taa zako zina uzito gani?" aliniuliza kabla hata sijaketi.

"Wa kawaida."

"Kilo ngapi za kawaida?"

Nikaonyesha kwa mikono, kama mtu anayepima samaki.

"Umetundika mzigo juu ya vichwa vya watu mwaka mzima, hujui una kilo ngapi?"

Tukabeba taa moja hadi kinuni, tukaiweka juu ya mizani ya mpunga. Foleni nzima ikageuka.

"Perlita, siku hizi unauza taa kwa kilo?"

"Nipimie nusu kilo ya bluu!"

Kilo kumi na moja. Taa nane, kilo themanini na nane. Vibano na nyaya, ambavyo mimi nilidhani havina uzito kwa sababu having'ai, kilo ishirini na mbili. Kiunzi chenyewe, ile boriti ya mabomba ya alumini iliyofumwa kama ngazi nne zilizokumbatiana, inayolala juu ya stendi mbili na kubeba taa zote, kilo arobaini. Jumla mia na hamsini.

"Sasa chagua stendi," alisema Mjomba, akafungua mlango wa nyuma wa banda.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye stendi zilizokuwa zinameremeta.

"Hizi nzuri. Zinang'aa."

"Na kipara changu kinang'aa. Utatundika taa?"

Nikashika nyingine, nene, yenye winchi ya kuzungushia ili nguzo ipande na kushuka. Kibandiko chake kilikuwa kimechunika, hakisomeki.

"Inabeba kiasi gani?" aliuliza.

"Inaonekana ina nguvu."

"Sijauliza inaonekanaje. Stendi isiyosema inabeba kilo ngapi, mimi kwangu haibebi hata kofia. Weka chini."

Zikabaki mbili za mwisho. Mbaya kama zimechongwa kwa hasira. Miguu minne minne, mipana, kila mmoja unavutwa nje na kufungwa kwa pini, nguzo ya mraba, winchi yenye mpini mfupi. Kibandiko kinasomeka: kilo mia na hamsini.

"Kila moja mia na hamsini," nilisema. "Mbili, mia tatu. Lakini mzigo wangu ni mia na hamsini tu. Si nachukua zaidi ya ninachohitaji?"

"Unachukua mara mbili. Ndiyo kanuni yangu."

"Kwa nini mara mbili?"

"Kwa ajili ya vitu ambavyo hujavipima."

"Kama vipi?"

"Ningevijua si tungevipima?"

Nilidhani anatania. Yeye alikuwa ameshainama kwenye viunzi, anapitisha kiganja kwenye kila kiungo. Kipande kimoja akakitupa kando. Bomba lilikuwa limebonyea kidogo, kiasi cha kidole gumba.

"Hapo tu, Mjomba?"

"Bomba lililobonyea limeshaamua litakunjikia wapi. Linangoja watu wakae."

Akanipa na nyaya fupi za usalama, moja kwa kila taa, ili kibano kikiachia taa ining'inie isianguke. Akanipa mbao za kuweka chini ya miguu ya stendi. Akanipa na pimamaji ya kuangalia kama stendi zimesimama wima. Mwisho akanishika bega.

"Miguu uivute yote mpaka mwisho. Kila stendi uiwekee kilo mia mbili za mchanga miguuni, na mguu wa nyuma uupe zaidi. Mchanga, Perlita. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia. Kusikia sijawahi kuwa na tatizo nako.

*

Siku ya sikukuu ikafika. Jukwaa lilikuwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, wazi, bila paa. Stendi zikakaa juu ya mbao. Povu la pimamaji likakaa katikati kabisa. Pini zikaingia. Nilikuwa mwanafunzi bora wa darasa la mtu mmoja.

Ukabaki mchanga.

Mchanga uko kijitoni. Kijito kiko chini ya ngazi sitini na mbili. Mgongo wangu uko hapa ulipo.

Na nyuma tu ya jukwaa, chini ya turubai la jiko la sikukuu, kulikuwa na mlima wa magunia ya mchele wa Bi Consorcia. Kila gunia limepigwa chapa nyeusi: kilo hamsini. Manne kwa kila stendi, mia mbili kamili. Hakuna kuchota, hakuna kupima, hakuna kupanda ngazi.

Nikamwendea Shangazi Charing, mpishi mkuu, mwanamke anayeweza kukoroga sufuria la watu mia mbili huku akigombana na wawili.

"Shangazi, naazima magunia manane. Ya kukandamizia stendi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka shughuli iishe."

"Chukua, mwanangu. Mchele leo upo wa kumwaga."

Sikumweleza kwamba yakiondoka watu watakufa. Niliona si adabu kutaja kifo mbele ya chakula.

Mjomba Anselmo alikuja kukagua. Akashika pini moja moja. Akavuta kila waya wa usalama. Akapima maji mwenyewe, kana kwamba pimamaji ingemwambia yeye jambo ambalo ilinificha mimi. Kisha akapiga teke gunia.

"Huu ni mchele."

"Kilo hamsini, Mjomba, imeandikwa. Kwani mchanga nani ameupima?"

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaondoka.

Katika miaka yangu thelathini na moja sijawahi kuona mtu akimnyamazisha Mjomba Anselmo. Nilitembea uwanja mzima siku ile kifua mbele, kama mimi ndiye niliyegundua uzito.

*

Saa saba mchana nikaenda kula. Na hapa ndipo wasomaji wangu wenye akili wataanza kujishika kichwa.

Siku ya sikukuu hapa kwetu kila mlango uko wazi. Mtu haulizwi kaalikwa na nani. Anaingia, anapewa sahani. Jiko likiishiwa wali siku hiyo, mwenye jiko atasemwa mpaka wajukuu wake wasemwe.

Na siku hiyo Diwani Rogaciano alifika na wageni wake. Magari matatu. Waliokosa nafasi ndani walikuwa juu ya paa.

Niliketi kwenye benchi katikati ya wageni wale, nikala. Adobo, ile nyama yetu ya siki na vitunguu saumu, tambi, na wali. Sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Shangazi, wali wa leo mtamu!"

"Kula, mwanangu, ukue! Mchele mpya huo, tumeufungua sasa hivi!"

Nikaongeza kidogo.

Niliporudi jukwaani nilidhani nimepotea njia. Kiunzi changu kilikuwa na uso.

Bango la turubai, upana mita sita, urefu mita tatu, limefungwa kwenye kiunzi na kwenye nguzo za stendi kutoka juu hadi katikati. Diwani Rogaciano akitabasamu, kila jino ukubwa wa mto wa kulalia. Chini yake: *Heri ya Sikukuu, kutoka kwa Rafiki wa Kila Mtu.*

"Nani kaweka hiki kitu?"

"Dada Perlita!" Diwani mwenyewe akatokea, mikono wazi, shati jeupe. "Taa zako zitanipendeza sana."

"Mheshimiwa, hili ni tanga."

"Ni mimi."

"Basi wewe umekuwa tanga, Mheshimiwa. Upepo ukiingia hapo nyuma unasukuma kiunzi chote mbele, kwa watu."

"Upepo gani? Onyesha upepo."

Nikatazama miti. Hakuna jani lililokuwa tayari kunitetea.

Ningeweza kukataa. Nataka mjue hivyo. Mwezi mzima kabla ya hapo nilikuwa Perlita wa Nguruwe, na mtu aliyeitwa jina hilo angekataa bila hasara yoyote. Lakini Diwani akageuka kwa wageni wake, akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti:

"Ndugu zangu, huyu ndiye Mkurugenzi wa Taa. Mkurugenzi anasema kuna hatari kidogo. Mkurugenzi, kuna hatari?"

Mkurugenzi.

Watu wapatao arobaini walinitazama kwa heshima.

"Hatari ndogo sana, Mheshimiwa," nilisema. "Nina kilo mia nne miguuni."

Mnaweza kunicheka sasa. Mimi nilichelewa.

*

Onyesho lilianza saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya vilima, kwa sababu saa mbili usiku wagombea wengi huwa wameshalala. Wazee saba wakapanda jukwaani wakiwa na magauni ya kila rangi. Mama alikuwa wa tatu, gauni la bluu, kiwiko ubavuni. Akanitafuta kwa macho. Akanipungia balbu.

Kisha wingu likatoka nyuma ya vilima, jeusi, lina haraka.

Upepo wa kwanza ulikuja kutoka nyuma ya jukwaa. Bango likavimba. Mashavu ya Diwani yakajaa kama ya mpiga tarumbeta. Na mguu wa nyuma wa stendi ya kulia ukanyanyuka kutoka kwenye ubao wake, kimo cha kidole, ukarudi chini.

Tok.

Nilikimbia. Haiwezekani, nilijiambia, kuna kilo mia mbili hapa. Nikapiga teke gunia ili linihakikishie.

Mguu wangu ukazama.

Mchele haupokei teke namna ile. Nikalishika gunia kwa mkono mmoja. Likanyanyuka. Mimi, ambaye mgongo wangu hauwezi ngazi sitini na mbili, nilikuwa nimeinua gunia la kilo hamsini kama mkoba wa kwenda kanisani. Nikakata uzi wa mdomo wake. Pumba. Pumba tupu za mpunga, zile wanazowashia majiko.

Nikaingia jikoni nikiwa na pumba hadi kwenye nyusi.

"Shangazi! Mchele wangu uko wapi?"

"Wako? Si wa Bi Consorcia?"

"Ule wa kwenye stendi!"

"Aaa, ule!" Shangazi Charing akafuta mikono, hana wasiwasi. "Si ni hawa wageni wa Diwani, mwanangu. Magari matatu! Ningewaambia nini, warudi na njaa? Nikaona yale magunia yamekaa tu, hayana kazi."

"Yalikuwa na kazi!"

"Lakini sikukuachia pengo. Nimekuwekea ya pumba, nikayapanga vilevile, chapa kwa mbele. Hata ukipiga picha hakuna atakayejua."

"Yamebaki mangapi ya mchele?"

"Mawili. Hayo mengine..."

Hakumaliza. Alitazama tumbo langu.

Sahani tatu. Na ile ya kuongeza. Kijiji kizima kilikuwa kimekula uzito wa stendi zangu, na Mkurugenzi ndiye aliyesifia.

*

Tok, ikalia tena. Safari hii mguu ulichelewa kurudi.

Nikapanda jukwaani nikampokonya mshereheshaji maikrofoni.

"Ndugu zangu! Jukwaa si salama! Magunia haya ni ya pumba! Mchele tumekula!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Perlita, na nguruwe je, naye mlimla?"

"Mkurugenzi ana mdomo huyu!"

Wakapiga makofi. Niliwahi kuota siku ambayo uwanja mzima utanipigia makofi. Katika ndoto hiyo sikuwa nikilia.

Mtu mmoja hakucheka. Mjomba Anselmo alisimama juu ya kiti, akatoa ile sauti yake ya zamani ya kundi la maigizo.

"Kila mtu chini! Jukwaa liwe tupu! Viti nyuma, hatua ishirini!"

Sauti ile huwezi kubishana nayo. Wazee sita wakashuka huku wamekunja magauni. Watazamaji wakarudi nyuma, kila mtu kashikilia kiti chake makalioni asije akaibiwa nafasi ya mbele. Hatua ishirini zikawa mbili.

Mjomba akabeba magunia mawili ya mchele yaliyobaki, akayatupa kwenye mguu wa nyuma wa stendi ya kushoto, naye mwenyewe akaketi juu ya magunia hayo.

"Kulia nani?" alipiga kelele. "Perlita, kulia kuna nini?"

Kulia kulikuwa na mama.

Hakuwa ameshuka. Alikuwa amelikusanya gauni la bluu mapajani, ameketi juu ya mguu wa nyuma wa stendi, magoti pamoja, mgongo wima, kama anangoja kupigwa picha.

"Mama, shuka!"

"Gunia lako lilikuwa kilo ngapi?"

"Hamsini. Mama, tafadhali!"

"Mimi nina sabini na nane. Fanya kazi yako."

"Ikianguka je?"

"Nilimwambia nini Consorcia?"

"Yalikuwa maneno tu!"

"Yako ndiyo huwa maneno tu," alisema mama. "Shusha taa."

Nikazungusha mpini wa winchi. Ukagoma. Nikazungusha kwa mikono miwili. Nikatazama juu nikaelewa. Vijana wa Diwani walikuwa wamezungusha kamba za bango kwenye nguzo, mizunguko mitatu mitatu, na bomba la juu halikuweza kuteremka ndani ya lile la chini. Taa zisingeshuka mpaka bango litoke.

"Kata kamba!" Mjomba alisema. "Anza upande wa mama yako!"

Shangazi Charing akanirushia kisu cha jikoni. Nikachukua ngazi, nikaiegemeza kwenye kiunzi kilekile kilichokuwa kinataka kuanguka. Najua. Msiniandikie barua. Hapakuwa na pengine pa kuiegemeza.

Nilikata mzunguko wa kwanza. Kamba za nailoni, mafundo ya watu waliozoea kufunga nyati wa kulimia. Chini yangu Diwani Rogaciano alikuwa ametoka mbio na shati lake jeupe.

"Dada, unakata uso wangu!"

"Nakata kamba, Mheshimiwa!"

"Nitaanguka mbele ya wapiga kura!"

"Usipoanguka peke yako, utaanguka nao!"

Nikakata wa pili. Sikio la Diwani likachomoka, likaanza kunipiga usoni. Ukabaki mzunguko mmoja upande wa kulia. Nguzo ilikuwa inatetemeka mikononi mwangu. Nilipochungulia chini nilimwona mama ameshikilia mguu wa stendi kwa mikono yote miwili, macho mbele, hatazami juu hata kidogo. Hiyo ilikuwa imani yake yote kwangu: kutotazama juu.

Ningemaliza. Naapa ningemaliza.

Lakini Diwani alikuwa ameokota maikrofoni niliyoiacha.

"Ndugu zangu, tulieni, tulieni! Hakuna tatizo lolote. Mafundi wanarekebisha kidogo tu. Na ili kuwahakikishia kwamba hakuna tatizo..." Akamnyang'anya jaji karatasi. "Matokeo ninayatangaza sasa hivi!"

"Usitangaze!" nilipiga kelele.

"Malkia wa Wazee, mwaka huu..."

Upepo wa pili ukaja. Huu haukuwa na utani. Bango likajaa lote, na kiunzi kikaegemea mbele, na ngazi yangu pamoja nacho. Mguu wa nyuma ukataka kunyanyuka, ukakuta kilo sabini na nane, ukaacha.

"...ni Eufemia Macaraeg!"

Uwanja ukalipuka. Ngoma za bendi zikaanza, matarumbeta yakafuata. Mara nne amekuwa wa pili. Mara nne nimemsindikiza nyumbani ameshikilia viatu mkononi, akiniambia kwamba majaji hawakuona vizuri.

"Mama Femia! Njoo mbele, mama yetu, upokee taji lako!"

"Mama!" nililia kutoka juu. "Mama, usiinuke! Bado mmoja! Bado mzunguko mmoja!"

Sijui alisikia nini katikati ya ngoma zile. Niliona akigeuza kichwa na, kwa mara ya kwanza, akitazama juu. Uso ulikuwa umelowa, na mvua ilikuwa bado haijaanza.

Akaachia mguu wa stendi kwa mkono mmoja. Akabana kiwiko ubavuni. Akanipungia, kiganja peke yake kikizunguka, vizuri kuliko alivyowahi kupunga mbele ya kioo.

Kisha akaanza kuinuka.